Paul Robeson: Mchezaji Sinema Aliyeikataa Sinema Yake

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike habari ya kihistoria, wala hawakuniwekea mipaka. Nimemchagua Paul Robeson, mchezaji wa sinema na mwimbaji wa Marekani. Wazee wetu walimjua kwa sauti yake nzito ya kwenye santuri. Vijana mlioko madarasani sasa huenda hamkupata hata kulisikia jina lake. Nimemchagua kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hodari kabla hajawa kitu kingine chochote, na kwa sababu ya filamu moja inayotuhusu sisi Waafrika wa Mashariki zaidi ya tunavyodhani.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka angali kijana, akasoma na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikufa kwa ajali ya moto mwaka 1904. Mwaka 1915 kijana huyu alipata nafasi ya kusomeshwa bure katika chuo cha Rutgers, ambako kabla yake walikuwa wamepita weusi wawili tu. Alipokwenda kujaribiwa katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na mabega, wachezaji wenzake walimvunja pua na mmoja akamkanyaga mkono makusudi. Alirudi uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 alitajwa katika timu ya wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima, na mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya kuagana kwa niaba ya darasa lake. Wanamichezo wetu wanaodai kuwa mpira na kitabu havikai pamoja, hapo pana jibu.

Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia akahitimu mwaka 1923. Akaajiriwa katika ofisi ya mawakili, lakini karani mmoja wa hati mkato alikataa kuandika maneno yanayosemwa na mtu mweusi, naye Robeson akaiacha kazi hiyo. Jukwaa la michezo ya kuigiza likampata. Filamu yake ya kwanza, Body and Soul, ilitoka mwaka 1925 ikiwa kimya bila sauti. Mwaka 1928 alihamia London na kupata sifa katika Show Boat, na mwaka 1930 akaigiza Othello.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Akiwa London, Robeson alianza kuitafuta Afrika kwa bidii ya mwanachuo. Aliingia School of Oriental Studies kujifunza lugha za Kiafrika, na mojawapo ilikuwa Kiswahili chetu. Akafahamiana na wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa huko. Ndipo ndugu wawili wenye asili ya Hungaria, Alexander na Zoltan Korda, walipomwita acheze katika Sanders of the River. Zoltan alikuwa amerudi kutoka Afrika na picha pamoja na sauti za ngoma na nyimbo alizozichukua huko. Robeson alipozisikia alifurahi mno, akaamini kuwa kwa mara ya kwanza ulimwengu utaonyeshwa utamaduni wa Mwafrika kwa heshima.

Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Shepperton, karibu na mto Thames, na weusi waliokuwa Uingereza wakakodiwa kuwa wanakijiji. Miongoni mwao alikuwamo Mkenya mmoja mwenye shida ya fedha, ambaye siku hizo akiitwa Johnstone Kenyatta. Naam, ndiye Jomo Kenyatta.

Filamu ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa kitu kingine kabisa. Inaanza kwa kuwasifu wazungu wachache wanaolinda dola ya Mwingereza. Sanders ni Bwana Shauri huko Nigeria. Robeson ni Bosambo, mfungwa mtoro aliyejifanya chifu, anayemtii Sanders kama mtoto amtiivyo baba. Sanders anapokwenda likizo, makabila yanapigana. Anaporudi, amani nayo inarudi. Mimi nafanya kazi serikalini, katika jengo ambalo lilijengwa kwa ajili ya mabwana shauri wa kweli, na naweza kuwaambieni kwamba majalada ya zamani yanasimulia hadithi tofauti sana na hiyo.

Robeson alieleza kuwa maana ya filamu iligeuzwa wakati wa kuikamilisha. Wako waliomlaumu, wakisema mtu aliyesoma sheria alipaswa kujua anachokitia sahihi. Nadhani lawama hiyo ina haki yake: vitabu vya Edgar Wallace vilivyotoa hadithi ile vilikuwa madukani miaka mingi. Lakini tazameni alichofanya baadaye. Alipocheza Song of Freedom mwaka 1936, alidai katika mkataba haki ya kukubali au kukataa filamu kabla haijaonyeshwa. Katika The Proud Valley ya mwaka 1940 alikuwa mchimba makaa ya mawe miongoni mwa wachimbaji wa Wales, mtu kamili. Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan kuwaonyesha weusi kama wajinga wa mashamba ya pamba, aliilaani hadharani na kuiacha Hollywood moja kwa moja, akiwa katika kilele cha sifa. Othello aliyoicheza New York kuanzia mwaka 1943 ilionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliokuwa umeonyeshwa mfululizo mara nyingi hivyo katika Broadway.

Kisha siasa. Aliipenda Urusi ya Stalin na kuisifu hata pale ambapo ukweli wa mauaji yake haukufichika tena. Hilo siwezi kumtetea. Lakini adhabu aliyopewa haikuwa kwa hilo peke yake. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, na katika hoja zake za kesi ilitaja kuwa alikuwa akipigania sana uhuru wa makoloni ya Afrika. Kumbi zikafungwa mbele yake. Tarehe 18 Mei, 1952 alisimama juu ya lori kwenye mpaka wa Kanada akawaimbia watu wa pande zote mbili. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimbaji wa Wales kwa simu iliyopita chini ya bahari ya Atlantiki. Pasipoti aliirudishiwa mwaka 1958.

Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976, baada ya miaka mingi ya maradhi. Wakati huo yule mwanakijiji wa Shepperton alikuwa Rais wa Kenya. Ama jina la Robeson katika mpira, ambalo lilikuwa limefutwa kwenye orodha za wachezaji bora wa 1917 na 1918, chama cha kuwaenzi wachezaji wa vyuo kilimwingiza katika jumba lake la heshima mwaka 1995.