Kama Mwandosya angeshinda Chimwaga 2005, Tukuyu ingepata nini?

Wadau, rudini Dodoma, Mei 2005. CCM imebakiza majina matatu: Kikwete, Salim Ahmed Salim na Profesa Mark Mwandosya, mbunge wa Rungwe Mashariki. Kura zikahesabiwa: Kikwete 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Kwisha habari.

Haya, geuza matokeo. Mtu wa Rungwe yuko Ikulu. Lowassa huenda hapewi uwaziri mkuu, basi na kule kujiuzulu kwa Februari 2008 hakupo. Tukuyu shangwe!

Ila subiri. Kwenye baraza la Kikwete Rungwe ilipata mawaziri wawili: Mwandosya mwenyewe, na Profesa David Mwakyusa wa Afya. Rais wa nyumbani angeogopa kuambiwa anabeba ndugu zake. Mwakyusa angeachwa. Je, kushindwa kule kuliwalipa wana-Rungwe? Semeni.