Jitu la Kukaa Kiganjani

Mwaka 1846, Mjerumani Carl Ludwig Koch alimpa buibui mrukaji jina la Hyllus giganteus, yaani jitu. Jitu lenyewe, ambalo makao yake ni kuanzia Sumatra hadi Australia, hukaa kiganjani. Enzi hizo viumbe wadogo wa nchi za joto walifika kwenye makabati ya Ulaya wakiwa wamekufa, wengi wamezamishwa kwenye spiriti. Leo wanauzwa hai.

Wangu anaishi mezani, ndani ya kopo lenye matundu. Nikisogea, hunigeuzia macho yake mawili makubwa ya mbele. Kabla ya kulipa niliuliza: alinyakuliwa msituni? Muuzaji alinihakikishia amezaliwa kwa mfugaji. Vinginevyo, kopo langu lingekuwa kabati lile lile.