Mababu zetu hawakuzaliwa wakimbizi

Mwaka huu kikundi chetu kimeanza kazi ya kuandika miti ya ukoo kwenye intaneti. Tuna simu mbili, daftari moja, na wazee ambao bado wanakumbuka. Tunataka kuwaeleza kosa tulilofanya siku ya kwanza, kwa sababu limetufundisha historia kuliko tulivyotegemea.

Kwenye miti ya pamoja kama WikiTree, kila marehemu anapewa ukurasa wake: jina, wazazi, pahali alipozaliwa na alipofia. Kisha unaweza kumtia kwenye kundi, yaani kumweka pamoja na watu ambao si wa ukoo wake lakini wana jambo moja la kufanana naye, kama kijiji, kazi au safari. Mtu mmoja anaweza kuingia makundi mengi.

Sisi tulifungua kundi moja tu, "Wakimbizi", tukawatia wote humo. Basi, tukaenda kwa mama mmoja mzee kumuuliza majina ya wazazi wake. Akataka kujua baba yake tumemwandika wapi. Tulipomwambia, alinyamaza kidogo. Kisha akatuuliza: baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala pale Baraka, akafa kwake, akazikwa karibu na migomba yake. Yeye alikimbia nini? Tulikosa la kusema.

Kweli, kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, watu walipokimbia vita ya Kivu ya Kusini. Lakini huyo mzee aliishi na kufa kabla ya hapo. Tulichukua jina la shida yetu sisi, tukamvisha yeye.

Na si mara ya kwanza watu wetu kutiwa kwenye makundi na mtu mwingine. Katika miaka ya 1930, Wabelgiji waliotawala Rwanda-Urundi waliandika watu kwenye vitambulisho: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Neno moja kwa kila mtu, na mtoto alifuata la baba yake. Mwaka 1994 kule Rwanda, kadi hiyo hiyo iliangaliwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kuamua nani auawe. Kundi ni kitu kidogo kwenye karatasi, lakini likiwa moja tu, na likiandikwa na mwenye nguvu, linaweza kuua.

Ndiyo maana sasa tunafanya tofauti. Kwanza, kila marehemu anaingia makundi kadhaa. Babu wa mwenzetu mmoja alikimbia Burundi mwaka 1972, akafika Ulyankulu, akalima tumbaku kwa miaka mingi, kisha akarudi kwao akafia huko. Mjukuu wake amekimbia tena 2015. Huyo babu tumemweka kwenye kilima alikozaliwa, kwenye Ulyankulu, kwenye wakulima wa tumbaku, na kwenye waliokimbia 1972. Ukimbizi upo, ndiyo, lakini haukai peke yake.

Pili, tunaangalia majina ya pahali na ya wakati wake. Bibi aliyezaliwa Costermansville na yule wa Bukavu ni wa mji mmoja. Albertville ndiyo Kalemie. Kivu yenyewe iligawanywa 1988 kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kwa hiyo jina la zamani tunaliandika kwenye ukurasa, na kundi tunaliita kwa jina la leo, ili ndugu wasipoteane. Na mkiona mzee mmoja ana majina mawili, msishangae: mwaka 1972 Mobutu aliamuru watu waache majina ya Kizungu. Joseph wa cheti cha ubatizo anaweza kuwa ndiye yule yule mwenye jina lingine kwenye karatasi za Zaire.

Tatu, kabila hatulifanyi kundi. Familia ikitaka, inaandikwa ndani ya hadithi ya marehemu. Na mtu aliye hai hatumtii kwenye kundi lolote, wala hatuandiki anaishi bloku gani. Tunajua wenyewe kwa nini.

Sasa turudi kwa yule mama. Tulifungua kundi jipya, "Wavuvi wa Baraka", tukamsomea majina yaliyokuwemo. Kwa jina la tatu akatushika mkono. Kumbe ni mwenzake baba yake wa mtumbwi mmoja! Familia ya huyo mvuvi iko humu humu kambini, upande wa pili. Tukampeleka. Bibi wa nyumba ile alikuwa bado anakumbuka jina la mama wa yule mvuvi, jina ambalo binti yake mwenyewe hakuwahi kulijua, kwa sababu nyanya huyo alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Hawana damu moja. Mti wa ukoo peke yake usingewakutanisha, bana. Waliokutanishwa na ziwa, wamekutanishwa tena na kundi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mkianza kazi hii, msiulize kwanza, "Mlikimbia lini?" Ulizeni, "Babu alikuwa anafanya kazi gani, na nani alikuwa naye?" Na muulize jioni hii. Wazee hawatungoji.