Jiwe la Mbinguni na Vumbi Lake

Tarehe 1 Januari 1801, kule Palermo, Padri Giuseppe Piazzi aliona kinyota kisichojulikana. Akakiita Ceres. Ndicho cha kwanza kuonekana katika yale mawe mengi yazungukayo jua, yaitwayo asteroidi.

Mawe hayo yaweza kudhuru. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe moja lilipasuka hewani juu ya Chelyabinsk, Urusi. Vioo vya madirisha vilivunjika, na watu zaidi ya 1,000 wakaumia. Je, jiwe la namna hii laweza kugeuzwa njia kabla ya kutufikia?

Tarehe 26 Septemba 2022 chombo DART cha Marekani kiligonga kwa makusudi Dimorphos, jiwe lisilotutisha, lizungukalo jiwe kubwa zaidi, Didymos. Mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 ukapungua dakika 33 hivi.

Nguvu ilitoka wapi? Tumwangalie mtu arukaye kutoka mtumbwini: yeye aenda ukingoni, mtumbwi warudi nyuma. Vivyo hivyo vumbi na mawe viliruka upande mmoja, Dimorphos ikasukumwa upande wa pili. Msukumo huo ulipita ule wa chombo chenyewe.

Ndiyo maana wataalamu waliiga pigo hilo katika kompyuta mara nyingi, wakalinganisha hesabu na picha. Mwamba mgumu hautoi vumbi sawa na rundo la mawe yasiyoshikana, na Dimorphos yafanana na rundo. Basi asiyelijua jiwe hawezi kupima pigo lake.

Akili ni zawadi ya Muumba. Tukiitumia kulinda uhai wa jirani, twamheshimu Yeye aliyetupa.