Mwembe Kinyonga wa Kilwa Kivinje

Mgeni afikapo Kilwa Kivinje na kusikia jina la Mwembe Kinyonga huweza kudhani kwamba mahali hapo pameitwa kwa mnyama yule abadilishaye rangi. Wenyeji hawakukusudia hivyo. Jina latokana na kunyonga, kwani katika mwembe huo Wadachi waliwanyonga waliopinga utawala wao.

Aliye mashuhuri kati yao ni Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara wa misafara aliyekuwa na nguvu nyingi katika nchi iliyo nyuma ya Kilwa. Septemba 1894 watu wake waliushambulia mji, wakashindwa. Mwaka uliofuata, zama za Gavana Hermann von Wissmann, alikamatwa, na Novemba 1895 akanyongwa pamoja na wenziwe. Mapokeo ya mji yauhusisha mti huo pia na walionyongwa wakati wa Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907.

Kabla yake, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Kusudi lilikuwa moja: atazamaye atishike. Baadhi ya mashairi ya Kiswahili ya zama zile yalimlaumu mwasi na kumsifu mtawala, kwani mtunzi aliyeishi chini ya Mdachi hakuwa huru kusema yote. Lakini jina la mahali halina mtunzi wa kukamatwa. Mvuvi aliyemwelekeza mgeni njia, akautaja mwembe ule, alikwisha kueleza habari nzima kwa maneno mawili.

Haifai kumfanya Makunganya malaika. Biashara ya misafara ilichanganyika na ya watumwa, na wapo walioumia kwayo. Hata hivyo, sheria ya Kiislamu haimnyimi Mwislamu aliyeuawa kwa hukumu haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Kitanzi hakiondoi heshima ya maiti.

Leo pana mnara wa ukumbusho mahali hapo, lakini jina liliutangulia mnara. Miji mingine ya Waislamu, ya pwani na ya bara, nayo ina miti, visima na mitaa yenye majina ya namna hii. Basi mzee ajuaye asili yake na aulizwe angali hai. Maana jina lisiloelezwa mwishowe hubaki kuwa la kinyonga tu.