Njiapanda ya Sonatubes na Mkataba wa Arusha

Njiapanda ya Sonatubes, wilayani Kicukiro jijini Kigali, imebeba jina la kiwanda cha mabomba. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, waliondoka kwenye shule ya ufundi ya ETO na kuwaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia pale. Walionusurika mashambulizi ya mwanzo walishika njia kwa miguu kuelekea uwanja wa Amahoro, uliokuwa chini ya ulinzi wa UNAMIR. Walipofika Sonatubes wanajeshi wa serikali waliwazuia, wakawageuza, wakawaswaga hadi kilima cha Nyanza, na huko wengi mno wakauawa. UNAMIR ilikuja Rwanda kusimamia Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 4 Agosti 1993 baina ya serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na waasi wa RPF. Ni rahisi kusema kwamba mkataba nao ulifia njiani siku ile. Mimi naona sivyo: ulishindwa kuwalinda watu, lakini ndio uliotoa mifupa ya serikali iliyofuata. Tukiyachanganya mambo hayo mawili hatutaielewa Rwanda ya leo, wala mikataba ya amani kwa jumla.

Arusha haikuwa karatasi ya kupeana mikono tu. Iliwagawia vyama wizara 21 kwa hesabu: MRND, chama cha Habyarimana, tano, RPF tano, MDR nne pamoja na uwaziri mkuu, PSD tatu, PL tatu, PDC moja. Jeshi jipya lingetoka serikalini kwa asilimia 60 na RPF kwa asilimia 40, ila vyeo vya uongozi vingegawanywa nusu kwa nusu. Wapo wanaosema hesabu hiyo ndiyo iliyoleta maafa, kwa kuipa RPF kupita kiasi na kuwafungia nje wenye siasa kali wa chama cha CDR. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana askari aliyeambiwa atapoteza kazi ni mtu wa hatari. Lakini tazama waliolengwa tarehe 7 Aprili 1994, mauaji yalipoanza: Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Rais wa Mahakama ya Katiba Joseph Kavaruganda, waziri Landoald Ndasingwa wa PL. Hao ndio ambao mkataba uliwahitaji ili serikali ya mpito iapishwe. Na serikali iliyojitangaza siku chache baadaye iliegemea katiba ya 1991, ikaiweka Arusha kando. Wauaji waliusoma mkataba vizuri, wakajua ni nani wa kuondolewa ili usifanye kazi. Kosa la Arusha lilikuwa kwamba mpango mkubwa namna hiyo ulikabidhiwa kikosi kidogo cha UNAMIR, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kukipunguza hadi watu wapatao 270.

Serikali iliyoapishwa tarehe 19 Julai 1994 ingeweza kuanza upya kabisa, kwani RPF ilikuwa imeshinda vita na haikulazimika kugawana chochote na mtu. Hata hivyo Faustin Twagiramungu, aliyetajwa na Arusha kuwa waziri mkuu, ndiye aliyeshika wadhifa huo. Pasteur Bizimungu akawa rais. Na Sheria ya Msingi ya Mei 1995 ikauhesabu mkataba kuwa sehemu ya katiba ya nchi. Tume ya umoja na maridhiano, iliyoanza kazi 1999, iliagizwa kwanza na Arusha. Kanuni kwamba mkimbizi aliyekaa nje zaidi ya miaka kumi asidai shamba ambalo limeshakaliwa na mtu mwingine nayo ilitoka huko, na iliathiri maisha ya maelfu ya waliorudi. Katiba ya 2003 nayo ilikataza chama kilichoshinda kuchukua zaidi ya nusu ya Baraza la Mawaziri.

Mpinzani atajibu kwamba hilo ni joho tu, kwa kuwa viti vya MRND vilichukuliwa na RPF, cheo cha makamu wa rais alichopewa Paul Kagame hakikuwemo Arusha, na Twagiramungu mwenyewe aliondoka serikalini Agosti 1995. Nakubali sehemu kubwa ya jibu hilo. Mkataba unaorithiwa na mshindi mmoja hubaki na umbo lake, ila mizani yake huondoka. Burundi, ambayo ilitia saini mkataba wake yenyewe huko Arusha mwaka 2000 bila upande wowote kumshinda mwenzake, ilipata mgawanyo wenye nguvu zaidi kwa miaka kadhaa, hasa jeshini. Lakini umbo nalo lina kazi yake. Arusha ya 1993 iliagiza kwamba serikali ya mpito ya Rwanda, tangu siku ya kuingia madarakani, ifute kabila katika hati zote rasmi. Serikali hiyo haikuapishwa kabla ya Aprili 1994. Kwa hiyo watu waliogeuzwa pale Sonatubes walikuwa bado na vitambulisho vya zamani, na huko Nyanza vitambulisho hivyo ndivyo vilivyotumika kuwatenga Wahutu waondoke na Watutsi wabaki. Vitambulisho vya Rwanda vya leo havina tena mstari wa kabila.