Buti la safari ndefu: Mguu wa jioni si mguu wa asubuhi

KILA mwaka maelfu ya vijana wa Tanzania wanaohitimu kidato cha sita huitwa kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na wazazi wao huzunguka madukani wakiwa na orodha ya mahitaji mkononi: bukta, fulana, raba, soksi ndefu nyeusi. Walio wengi huhangaikia rangi iliyotajwa kwenye orodha kuliko mguu utakaovaa. Kosa hilo hujitokeza mapema, kijana anapoanza kuchechemea ilhali wenzake wangali wakiimba kwenye mchakamchaka.

Raba huweza kuusamehe mguu. Buti la kijeshi halisamehi, kwa kuwa ni gumu, ni zito na limefungwa hadi juu ya kifundo. Nao wanaolivaa au kuvaa kiatu kinachofanana nalo si wanajeshi pekee, bali pia askari wa wanyamapori wanaofanya doria kwa siku kadhaa porini, walinzi wa kampuni binafsi wanaosimama usiku kucha, na wapagazi wa wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Kwa wote hao kanuni ni moja: buti hununuliwa kwa ajili ya mguu utakavyokuwa mwisho wa safari, si kama ulivyo dukani.

Mguu hubadilika kadiri mtu anavyotembea. Baada ya saa kadhaa za mwendo huvimba. Shanta ikiwa mgongoni, uzito wake hulikandamiza tao la unyayo, na mguu hurefuka na kupanuka kidogo. Buti lililomkaa mtu vizuri saa tatu asubuhi laweza kuwa limembana vibaya ifikapo alasiri, naye akiwa kilomita nyingi kutoka kambini.

Kwa hiyo inafaa kulijaribu buti jioni, baada ya shughuli za siku, ukiwa umevaa soksi zilezile utakazotembea nazo. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama, kwani mara nyingi mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, na ununue kwa kipimo cha ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe dole gumba, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuitoa soli ya ndani, kuiweka sakafuni na kuikanyaga: ikiwa nyama ya mguu inamwagika pembeni, buti hilo ni jembamba mno. Kisha lifunge kamba na ushuke ngazi. Vidole vikigonga mbele, ni fupi au kamba imelegea. Kisigino kikiinuka kila hatua, halikufai.

Upana ndio unaosahauliwa zaidi. Majeshi mengi ya NATO hutumia kipimo cha Mondopoint, kinachotaja kwa milimita urefu wa mguu na upana wake pia. Katika masoko yetu namba ya kiatu kwa kawaida hutaja urefu tu. Mwenye mguu mpana huishia kuchukua namba kubwa zaidi; vidole vinapata nafuu, lakini kisigino kinaogelea. Afadhali kutafuta muundo mwingine wenye sehemu pana ya mbele kuliko kuongeza namba.

Hayo ya kisigino kinachoogelea ndiyo chanzo kikubwa cha malengelenge. Watu wengi hudhani lengelenge ni ngozi iliyokwanguliwa. Ukweli ni kwamba ngozi ya juu hushikwa na soksi, huku mfupa ukiendelea kusogea ndani; tabaka za ngozi huvutana kila hatua mpaka zinaachana, na nafasi ile inajaa maji. Ngozi yenye unyevu hushikwa zaidi kuliko ngozi kavu. Ndiyo maana soksi za pamba tupu, zinazonyonya jasho na kukaa nalo, hazifai kwa mwendo mrefu. Majaribio ya miaka ya 1990 kwa makuruta wa kikosi cha majini cha Marekani yalionyesha kuwa soksi mbili, ya ndani nyembamba ya nyuzi za viwandani na ya nje nene, zilipunguza malengelenge. Anayetaka kutumia njia hiyo akumbuke kulijaribu buti akiwa amevaa soksi zote mbili.

Kuna waliojaribu kulizuia jasho lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliowahusisha wanafunzi 667 wa chuo cha kijeshi cha West Point, uliwapa baadhi yao dawa ya kuzuia jasho wapake miguuni kabla ya mwendo wa kilomita 21. Miongoni mwa walioipaka kwa angalau siku tatu, asilimia 21 walipata malengelenge, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliopewa dawa bandia. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya walioitumia dawa hiyo waliwashwa ngozi, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye bado ana safari mbele yake.

Soli za ndani ndizo zenye maneno mengi ya wauzaji. Mwaka 2006 matokeo ya jaribio lililofanywa kwa zaidi ya makuruta 1,200 wa jeshi la anga la Uingereza yalionyesha kuwa soli laini za kupunguza kishindo, zilizogawiwa kwa kila mtu, hazikupunguza majeraha ya miguu zikilinganishwa na soli za kawaida. Matokeo tofauti yalipatikana mwaka 2011 katika chuo cha maofisa wa majini cha Dartmouth, nchini humo. Huko walichaguliwa kwanza wale ambao vipimo vya jinsi wanavyokanyaga viliwaonyesha kuwa katika hatari ya kuumia, kisha nusu yao wakapewa soli zilizorekebishwa kulingana na mguu wa kila mmoja. Waliozipata waliumia mara chache zaidi kuliko wenzao.

Tafsiri yake kwa mnunuzi wa kawaida ni kwamba soli ya bei kubwa haiwezi kuliponya buti lisilomtosha mtu. Tena soli nene hula nafasi ya mguu, na buti lililokuwa sawa linageuka kuwa dogo. Inayofaa ni ile iliyo imara chini ya tao, yenye kikombe kinachoshika kisigino, inayotoka kwa urahisi ili ikaushwe usiku. Mwenye unyayo bapa, au anayeumwa kisigino kila asubuhi, amwone mtaalamu wa viungo kabla ya kununua.

Kuhusu ngozi au turubai, hakuna jibu moja. Katika vita ya Vietnam Wamarekani waliyaacha mabuti ya ngozi tupu wakavaa yenye turubai la nailoni na matundu madogo ubavuni ya kutolea maji, kwa kuwa katika nchi ya mvua na mito swali halikuwa kuyazuia maji yasiingie bali kuyatoa upesi. Kwenye baridi mambo hugeuka. Mwaka 1982, katika vita ya visiwa vya Falkland, mabuti mafupi ya askari wa Uingereza yalipitisha maji kwenye ardhi ya tope, na wengi waliugua miguu kwa kukaa na ubaridi na unyevu kwa siku nyingi. Baada ya hapo jeshi hilo likaleta buti refu. Uzito nao una gharama: utafiti wa jeshi la Marekani wa mwaka 1969 ulionyesha kuwa kilo moja miguuni huchosha kama kilo nne hadi sita mgongoni.

Ukanda huu una kumbukumbu yake chungu. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, sawa na Kariokor ya Nairobi, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ya 1914 hadi 1918. Wengi wao walitembea peku mamia ya kilomita, na funza na vidonda vya miguu vilikuwa miongoni mwa mateso yao. Leo mitaa hiyohiyo ya Kariakoo imejaa viatu.

Anayenunua mtumba awe mwangalifu. Buti lililovaliwa limeshafuata umbo la mguu wa mtu mwingine, na soli ya poliyurethani huoza ndani kwa ndani kadiri miaka inavyopita, hata kama halikuvaliwa kamwe. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole. Ukiona nyufa au unga, rudisha. Raia aepuke pia rangi za mabaka, kwani sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinakataza kuvaa sare za jeshi.

Buti jipya lizoezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kuanzia nyumbani, na lisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya safari. Likilowa lijazwe magazeti na kuwekwa kivulini. Moto hupasua ngozi na kuachanisha gundi.

Njiani, mahali panapoanza kuwaka moto pabandikwe plasta papo hapo, kabla lengelenge halijatokea. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi kila siku, ni jambo jingine. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliyaeleza mwaka 1855 alipoona askari waliovimba miguu baada ya mwendo mrefu, na picha za eksirei zilipopatikana miongo kadhaa baadaye zikaonyesha kuwa ni mifupa iliyopata nyufa. Mwenye maumivu hayo hahitaji soli mpya. Anahitaji kupumzishwa na kupimwa.